Tusimbebeshe Mama Mzigo: Kiswahili na Elimu ya Epijenetiki

Wahenga wetu hawakukubaliana kuhusu urithi. Mmoja alisema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwingine akasema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tumezoea kuzitaja methali hizi mbili kama mfano wa methali zinazopingana, tukajipatia alama zetu za mtihani, tukafunga daftari. Makala haya yanadai kuwa mjadala huo haukufungwa. Umehamia maabara, na majibu yanayotoka huko yanatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Yatakapomfikia mama wa kijijini yatakuwa yamevaa maneno, na maneno hayo ama tutayachagua sisi kwa uangalifu, ama tutaacha yachaguliwe ovyo.

Naomba nianze na kisa. Mwishoni mwa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ikiwa imepita bila mvua ya kutosha, nilimsindikiza dada yangu, binti wa mama mkubwa, hadi kliniki katika mji mmoja wa pwani yetu. Yeye ameolewa katika kijiji kimoja cha Magarini, na wakati huo mahindi yalikuwa yamekauka shambani mara ya pili mfululizo. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa na uzito wa kilo mbili na kidogo tu. Muuguzi, mtu mpole asiye na ubaya, alitazama kadi kisha akauliza: "Mama, ulikuwa unakula nini ulipokuwa na mimba?" Dada alinyamaza. Mavyaa yake, aliyekuwa ameketi kando, alimjibia: "Muulize vizuri, mwanangu. Sisi kwetu hatuzai watoto wa namna hii."

Tulirudi kwa matatu bila kusemezana. Kwa sentensi chache tu dada alikuwa amehukumiwa mara mbili: kwa chakula ambacho hakikuwapo, na kwa damu ambayo hakujichagulia. Methali zote mbili zilikuwa zimemwangukia mtu mmoja.

Matini moja, visomo vingi

Mimi si mwanabiolojia. Niliyoyaelewa niliyapata kwa kusoma na kwa kuwasumbua wenzangu wa kitivo cha sayansi. Hata hivyo, kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kuwa suala lenyewe ni la usomaji wa matini, na hapo mwanafunzi wa fasihi hawezi kuambiwa kuwa amepotea njia.

Kila seli ya mwili wa binadamu, isipokuwa chache, hubeba DNA ileile, yenye takriban herufi bilioni 3 na jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Seli ya ini na seli ya ubongo zina maandishi mamoja. Tofauti yao inatokana na jeni zipi zinasomwa na zipi zinanyamazishwa. Wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanalijua jambo hili kwa macho. Tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wamekuwa wakifuga viwavi na kuwauza nje ya nchi wakiwa wamekwisha kujifunga ndani ya maganda yao. Kiwavi anayetafuna majani na kipepeo anayeruka kutafuta maua wana jeni zilezile. Hakuna herufi iliyoongezwa ndani ya ganda. Kilichobadilika ni kisomo.

Elimu inayochunguza namna jeni zinavyosomwa au kunyamazishwa bila herufi zenyewe kubadilishwa ndiyo inayoitwa epijenetiki. Jina hilo lilibuniwa na Conrad Waddington wa Uingereza mwaka 1942. Baadaye Waddington alilieleza wazo lake kwa mchoro wa mpira unaoporomoka kutoka kilimani penye mabonde mengi: kila bonde linapogawanyika, mpira hushika njia moja, na kurudi juu ni vigumu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mchoro huo. Maji hufuata mkondo, tumesema siku zote, na aliyeuona mto Sabaki ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi anajua kuwa mkondo nao hubadilika kwa mvua na kwa mchanga.

Kwangu mimi, hata hivyo, mfano ulio bora zaidi unatoka katika hati zetu za kale. Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kushika nafasi. Chukua herufi mbili, kaf na ta, bila irabu. Ukiziwekea alama hizi utasoma kata. Ukiziwekea zile utasoma kiti. Ukibadilisha tena utasoma kuti. Herufi hazikuguswa, bali zimewekewa alama juu na chini. Tena ipo alama iitwayo sukuni, ambayo huifanya herufi ikae kimya bila irabu. Herufi ipo, inaonekana, lakini hairuhusiwi kupaaza sauti.

DNA nayo ina sukuni yake. Kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili, chenye atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, hubandikwa juu ya herufi C katika sehemu fulani za DNA. Kikibandikwa kwa wingi mahali jeni inapoanzia, aghalabu jeni hiyo hunyamaza. Ziko na alama nyingine. DNA ya seli moja, ikinyooshwa, hufikia urefu wa takriban mita 2, nayo huenea ndani ya kiini cha seli kwa kuzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mfano wa uzi kwenye kibonge. Histoni zikibandikwa kikundi kiitwacho asetili, uzi hulegea na jeni husomeka kwa urahisi. Asetili ikiondolewa, uzi hukaza.

Mfano una mipaka yake, na ni haki niitaje. Irabu hubadilisha neno lenyewe, ilhali alama za jeni, kwa kawaida, hazibadilishi protini inayoandikwa. Zinaamua kama itaandikwa, wapi na kwa kiasi gani. Kwa hiyo sukuni ndiyo inayofanana nazo zaidi kuliko fataha au kasra.

Wino unatoka jikoni

Swali linalofuata ni la msingi: alama hizi zinaandikwa kwa wino gani? Hapa ndipo umetaboli, yaani kazi ya seli ya kuvunja na kujenga kemikali kutokana na chakula, unapoingia katika hadithi.

Methili haitoki hewani. Seli huipata kutoka kwa kemikali iitwayo S-adenosilimethionini, ambayo hutengenezwa kutokana na methionini, mojawapo ya vijenzi vya protini tunavyovipata katika samaki, mayai, nyama na kunde. Ili mzunguko huo usikwame, unahitaji foleti iliyomo katika mboga za majani kama mchicha na majani ya kunde, pamoja na vitamini B12 inayotokana na vyakula vya wanyama. Asetili nayo hutokana na kuvunjwa kwa sukari na mafuta. Na si wino tu, bali hata kifutio: baadhi ya vimeng'enya vinavyoondoa methili haviwezi kufanya kazi bila madini ya chuma, oksijeni, na kemikali inayozalishwa katika mzunguko uleule unaoipa seli nishati. Ndiyo kusema kwamba mwandishi wa alama za jeni huchovya kalamu yake katika chungu cha jikoni. Chungu kikiwa kitupu, maandishi hubadilika.

Ushahidi kwa binadamu upo, japokuwa ni wa kusomwa kwa tahadhari. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, sehemu ya Uholanzi iliyokuwa chini ya jeshi la Ujerumani ilipata njaa kali. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa hiyo walikuwa, miongo 6 baadaye, na methili chache zaidi kwenye jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji, wakilinganishwa na ndugu zao ambao hawakupitia njaa tumboni. Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Gambia. Vijijini huko, kama ilivyo Ganze na Magarini, chakula hufuata mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto ambao mimba zao zilitungwa msimu wa mvua na wale wa msimu wa kiangazi walitofautiana katika kiwango cha methili kwenye sehemu fulani za DNA, na tofauti hizo zilihusiana na virutubisho vilivyokuwamo katika damu ya mama siku za mwanzo kabisa za mimba.

Tusikuze jambo kupita kiasi. Tofauti ya alama si sawa na ugonjwa. Aidha, alama nyingi hufutwa na kuandikwa upya muda mfupi baada ya mimba kutungwa, hivyo wanaosema kuwa njaa ya bibi imeandikwa moja kwa moja katika jeni za mjukuu wanasema zaidi ya yale yaliyothibitishwa kwa binadamu. Lakini jambo moja haliepukiki: mwili husoma jeni zake huku ukisikiliza chakula, joto na mazingira.

Kasa wa Watamu

Asiyeamini kuwa mazingira huweza kuamua kisomo cha jeni na aende Watamu. Huko, katika fuo zilizo ndani na karibu ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani. Kasa hana kromosomu za kumwamulia kuwa dume au jike kama tulivyo sisi. Jinsia yake huamuliwa na joto la mchanga katika kipindi cha katikati cha kuatamia. Mchanga wa baridi kidogo hutoa madume; mchanga wa joto, kupita kiasi cha nyuzi 29 hivi za Selsiasi, hutoa majike kwa wingi.

Kwa muda mrefu haikujulikana joto hupenyaje hadi kwenye jeni. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza aina ya kobe wa majini wa Marekani walieleza sehemu muhimu ya njia hiyo. Katika mayai yaliyo kwenye joto la chini, kimeng'enya kimoja huondoa methili kwenye histoni zilizo karibu na jeni ya udume; sukuni ikitoka, jeni husomeka, na kobe huwa dume. Mwaka huohuo ilichapishwa taarifa kutoka Australia kuwa miongoni mwa kasa wachanga waliozaliwa kwenye fuo za joto za kaskazini mwa Great Barrier Reef, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu una funzo la kimaadili. Hakuna mtu yeyote Watamu atakayesimama ufuoni akamlaumu kasa jike kwa kutaga majike matupu. Sote tunaelewa kuwa mchanga una joto, na kwamba si yeye aliyeupasha moto. Kwa kasa tunayaona mazingira. Kwa mwanamke aliyezaa katika mwaka wa ukame, tunamwona mwanamke peke yake.

Jeni iliyonyamaza haijafa

Mfano wa tatu uko Kilifi mjini. Tangu mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza, imekuwa na kituo kikubwa cha utafiti katika hospitali kuu ya Kilifi. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa huko ni selimundu. Msomaji atanisamehe nikisimama kidogo kulisifu neno hilo. Aliyeunganisha seli na mundu alitupa istilahi ambayo mtoto wa darasa la sita huielewa: seli ya damu iliyopinda kama mundu wa kukatia majani.

Anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hawi mgonjwa. Badala yake hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kinga ambayo uchunguzi wa Kilifi uliikadiria kufikia takriban asilimia 90. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Lakini mtoto huyo haonyeshi dalili katika miezi ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu tumboni, na kwa muda mfupi baada ya kuzaliwa, sote hutumia himoglobini ya mimba, inayotokana na jeni nyingine isiyo na kasoro. Baada ya kuzaliwa jeni hiyo huwekewa sukuni, na ile ya ukubwani huchukua zamu. Jeni ya kwanza haifutwi. Hukaa kimya maisha yote ndani ya mgonjwa ambaye ingeweza kumsaidia.

Mwaka 1982 madaktari wa Marekani walijaribu dawa inayozuia kubandikwa kwa methili, na himoglobini ya mimba ikapanda tena kwa mtu mzima mwenye ugonjwa mwingine wa damu. Dawa nyingine, haidroksiyurea, ambayo huipandisha pia himoglobini hiyo, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 wenye selimundu katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi yetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa vipindi vya maumivu vilipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Na mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba inayokata sehemu ya DNA inayosaidia kuinyamazisha jeni ya mimba. Bei yake bado ni ndoto kwa familia ya Kilifi, lakini msingi wake ni uleule: kilichonyamazishwa huweza kuamshwa.

Sarufi ya lawama

Sasa nifikie hoja yangu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu familia za Kilifi zenye watoto wa selimundu ulionyesha kuwa akina mama ndio waliobebeshwa lawama zaidi, ilhali biolojia inasema wazi kuwa ugonjwa huo hauji ila kwa jeni ya baba na ya mama kwa pamoja. Ikiwa ugonjwa ambao baba ana nusu kamili umemwangukia mama, je, itakuwaje elimu ya epijenetiki itakapoenea, elimu inayozungumzia mimba, chakula cha mimba na msongo wa mimba? Nina hofu kuwa itageuzwa kuwa fimbo mpya, yenye jina la kisayansi, ya kumchapia mtu yuleyule. Mavyaa ya dada yangu atakuwa amepata shahidi kutoka maabara.

Hofu hii si ya Kiswahili pekee. Wanasayansi wenyewe wamekwisha kuonya dhidi ya kuwalaumu akina mama kwa matokeo ya epijenetiki. Lakini lugha yetu ina nafasi ya pekee ya kuizuia au kuichochea, na nafasi hiyo iko katika sarufi. Tazama sentensi hizi mbili: "Mama hakula vizuri" na "Chakula hakikupatikana". Zote zinaweza kueleza jikoni moja, mwezi mmoja. Ya kwanza inamweka mama kwenye nafasi ya kiima, mtendaji aliyeshindwa kutenda. Ya pili inatumia kauli ya kutendeka, na kiima ni chakula. Tunaifundisha kauli ya kutendeka kama zoezi la unyambuaji, pika na pikika, soma na someka, lakini ni mara ngapi tunamwambia mwanafunzi kuwa katika kiambishi hicho kimoja kuna uwezo wa kumtoa mtu kizimbani?

Najua kauli hii ina hatari yake. Wenye mamlaka huipenda. Fedha "zilipotea", mahindi ya msaada "yaliharibika", na mtendaji hajulikani. Kwa hiyo sitetei kuficha watendaji. Natetea kutaja wa kweli. Mvua ilikosekana. Msaada ulichelewa kwa sababu kuna aliyeuchelewesha. Mume alikuwa na njaa pia. Hata panya wa maabara wametufunza hili: utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa chakula cha panya dume kilibadilisha namna jeni zilivyosomwa katika ini la watoto wake. Baba naye yumo katika sentensi, na Kiswahili kimpe nafasi yake.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu kwa wasomi wenzangu.

Kwanza, istilahi. Jina la taaluma, epijenetiki, tulipokee kwa mkopo kama tulivyopokea jeni na kromosomu. Lakini dhana zake zielezwe kwa maneno yanayojieleza, kwa mfano wa selimundu. Tuseme alama za jeni, tuseme jeni kunyamazishwa na kuamshwa. Tusiseme jeni imekufa au imeharibika, kwa sababu mzazi akisikia kuwa jeni za mwanawe zimeharibika atakata tamaa, na atakuwa amedanganywa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitutolea kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, lakini sayansi ya jeni imekimbia mbali tangu wakati huo, nasi hatukuifuata.

Pili, tafsiri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mama anayeombwa idhini ya damu ya mwanawe kuchunguzwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Kilifi ina Chuo Kikuu cha Pwani na ina kituo cha utafiti, vyote katika mji mmoja. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu asilazimike kurudia uhakiki wa maudhui ya riwaya iliyohakikiwa mara ishirini. Uchambuzi wa maneno ya urithi, damu na lawama katika mazungumzo ya kliniki ni isimu, ni fasihi, na ni msaada kwa watu.

Tatu, ufundishaji wa methali. Tuache kuzifundisha "Mtoto wa nyoka ni nyoka" na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" kama jozi ya ukinzani tu. Tuzifundishe kama nusu mbili za maelezo mamoja: matini hurithiwa, kisomo hulelewa. Na tumwulize mwanafunzi swali ambalo methali zote mbili zimelikwepa: anayelea ni nani? Ni mama peke yake, au ni baba, ukoo, shamba, mvua na serikali?

Wapo watakaosema kuwa haya si ya mwanafunzi wa fasihi, na kila mtu abaki katika kitivo chake. Hoja hiyo naiheshimu kwa upande mmoja: hatuna haki ya kubuni sayansi. Tukisema yasiyothibitishwa tutakuwa tumewasaliti wanasayansi na wasomaji pia. Lakini kuchagua neno lenye haki kwa jambo lililothibitishwa ni kazi yetu, na tusipoifanya, neno lisilo na haki litaifanya badala yetu. Mwana Kupona alipomwandikia bintiye wasia wake mwaka 1858 alijua kuwa mama humrithisha mtoto zaidi ya damu: humrithisha lugha. Ni aibu lugha hiyohiyo ikigeuka kuwa ya kumhukumu mama.

Mtoto wa dada sasa anakimbia uani na kuwakimbiza kuku. Uzito wake umefikia ule wa wenzake, na mavyaa humwita kwa jina la mama yake mzazi, jambo ambalo kwa Wagiriama na Waswahili wa kwetu si dogo. Sijui ni alama zipi za jeni zake zilizoandikwa katika mwaka ule wa ukame. Ninachokijua ni kwamba swali lililoulizwa siku ile lingeweza kuulizwa kwa maneno mengine. Muuguzi angeweza kusema: "Mama, msimu ule chakula kilipatikana kwenu?" Ni swali lilelile kitabibu, na jibu lake lingemsaidia vilevile kumtibu mtoto. Lakini dada yangu angelijibu.